KINA SI DALILI
Uhakiki wa vina katika kaswida na tenzi za Musoma, Bunda na Butiama

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), aliyepewa maneno machache yenye kukusanya maana nyingi, pamoja na Aali zake na Masahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu msomaji, mtoto wa Kiislamu wa Musoma, Bunda au Butiama huijua kaswida kabla hajakijua kitabu cha fiqhi. Nguzo za Uislamu, majina ya Mitume, adabu za wazazi na habari za kaburi huzipokea kwanza kwa sauti na mahadhi, akiwa amesimama mstarini na wenzake. Akishakuwa mtu mzima husahau mengi aliyosomeshwa ubaoni, lakini kaswida haimtoki. Kwa hiyo mtunzi wa kaswida, apende asipende, ni mwalimu wa dini, na neno analolichagua ni somo.

Hapo ndipo suala la vina linapoacha kuwa la washairi peke yao. Mtunzi hutafuta neno la kuishia mstari. Neno lenye maana aitakayo halina kina, na neno lenye kina halina maana aitakayo. Afanye nini? Wengi huchukua la kina, maana ikaenda upande. Makala haya yanahakiki tabia hiyo kwa kuirejesha kwenye mizani miwili: mizani ya sheria na mizani ya sanaa. Tunayotaka kuyathibitisha ni jambo moja tu: kina ni pambo la neno la kweli, wala hakina uwezo wa kulifanya neno kuwa kweli.

1. KINA NI NINI?

Waarabu huita kina cha shairi qafiya, na herufi ambayo qafiya imejengwa juu yake huiita rawiyy. Elimu ya mizani na vina vya Kiarabu iliwekewa kanuni na Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi, aliyeishi Basra katika karne ya 2 Hijria. Ndiyo maana mashairi mashuhuri hupewa jina kwa rawiyy yake. Burda ya Imam Al-Busiri imejengwa juu ya herufi mim kutoka mwanzo hadi mwisho, na shairi lake jingine juu ya hamza, likaitwa Hamziya.

Ushairi wa Kiswahili ulipolelewa pwani ulichukua wazo hilo ukalivisha umbile la lugha yake. Neno la Kiswahili huishia irabu. Irabu ni tano tu, basi lau irabu ingetosha kuwa kina, karibu kila neno lingelandana na jingine na kina kisingekuwa na thamani. Kwa hiyo malenga walitaka silabi nzima, konsonanti pamoja na irabu yake. "Safari" na "hiari" ni vina, lakini "safari" na "asali" si vina, ijapokuwa yote mawili huishia i. Katika utenzi, kila ubeti una vipande vinne vya mizani 8. Vipande vitatu vya mwanzo hulandana, na cha nne hubeba kina kinachorudi katika kila ubeti hadi mwisho wa utenzi. Katika shairi la tarbia mstari una mizani 16, na kina huwa katikati na mwisho. Kanuni hizi Sheikh Kaluta Amri Abedi alizipanga katika kitabu chake cha Sheria za Kutunga Mashairi, kilichotoka mwaka 1954, na ndicho kilichosomwa na watunzi wengi wa bara.

Huko bara, na Mara ikiwemo, kanuni hizi zilifika kama mgeni. Nyimbo za jadi za makabila ya mkoa huu, kama zile zinazoimbwa kwa iritungu la Wakurya, hazitegemei kina cha mwisho wa mstari kwa namna ya shairi la pwani. Nguvu yake imo katika kurudia neno, katika kiitikio na katika lafudhi. Kina kililetwa na Kiswahili, na sehemu kubwa kililetwa na madrasa. Kwa hiyo Waislamu wa Mara wana sababu ya pekee ya kukitazama vizuri.

2. SHERIA YASEMAJE JUU YA MANENO YA VINA?

Qur'ani Tukufu mwishoni mwa Surat Ash-Shu'araa (26:224-227) inawalaumu washairi wanaofuatwa na wapotovu na wanaosema wasiyoyatenda, kisha inawatoa katika lawama hiyo wale walioamini, wakatenda mema na kumkumbuka Allah kwa wingi. Na katika Surat Yasin (36:69) inakanusha kwamba Mtume (SAW) alifunzwa ushairi. Aya hizi mbili zikisomwa pamoja haziharamishi ushairi. Zinautenga na wahyi, kisha zinaupima kwa maana yake na kwa mtu wake. Ndiyo maana Mtume (SAW) alimwekea Hassan bin Thabit (RA) mimbari msikitini awajibu washairi wa makafiri. Na Imam Shafi'i (RA) ameeleza kuwa ushairi ni maneno kama maneno mengine: mazuri yake ni mazuri, na mabaya yake ni mabaya.

Hadithi iliyo karibu zaidi na mada yetu ni ile ya wanawake wawili wa kabila la Hudhayl, iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Mmoja alimpiga mwenzake kwa jiwe, na mimba ikaharibika. Mtume (SAW) akahukumu kwamba kwa mtoto yule aliyekuwa tumboni itolewe ghurra, yaani mtumwa wa kiume au wa kike. Akasimama mtu wa upande uliotakiwa kulipa akapinga hukumu ile kwa maneno ya vina: vipi alipiwe ambaye hakula wala kunywa, hakusema wala kulia? Kwa Kiarabu maneno yake yanalandana moja baada ya jingine na yanaingia sikioni kwa urahisi. Mtume (SAW) hakuyapokea. Alimfananisha mtu yule na makuhani, kwa sababu ya saj'i aliyoisema, na hukumu ikabaki palepale.

Tuizingatie hadithi hii. Yule bwana hakuleta aya, hakuleta ushahidi, hakuleta kiasi kilicho sahihi. Alileta vina. Alitaka sikio la watu lishinde sheria. Imam An-Nawawi (aliyefariki 676 Hijria), katika sherehe yake ya Sahihi Muslim, amebainisha kuwa saj'i ile imelaumiwa kwa mambo mawili: imetumika kuipinga hukumu ya sheria, na imetafutwa kwa kujikalifisha. Ama saj'i inayokuja yenyewe, isiyopinga haki, haina lawama, kwani Mtume (SAW) mwenyewe zimepokewa kwake dua zenye miisho iliyolandana, kama ile ya kujikinga na elimu isiyonufaisha na moyo usionyenyekea.

Kwa upande wa dua, Bukhari amepokea kwamba Ibn Abbas (RA) alimuusia mwanafunzi wake ajiepushe na saj'i, kwa kuwa hakumkuta Mtume (SAW) na Masahaba zake wakiishughulikia. Imam Al-Ghazali (aliyefariki 505 Hijria) katika Ihya amelieleza hilo kwamba linalochukiwa ni takalufi: mja yuko mbele ya Mola wake, naye anahangaika na silabi. Na Al-Baqillani (aliyefariki 403 Hijria) alikataa hata kuiita miisho ya aya za Qur'ani kwa jina la saj'i. Hoja yake inatufaa sana hapa: katika saj'i maana huifuata sauti, ilhali katika Qur'ani sauti huifuata maana. Wanavyuoni waliomfuata huita miisho ile fawasil.

Kutokana na dalili hizi tunapata kanuni tatu. Kwanza, kina chenyewe ni halali. Pili, kina kinachotafutwa kwa kujikalifisha hadi kikaihamisha maana kinachukiza, na katika dua zaidi. Tatu, kina kinachotumiwa kuipindua hukumu ni batili, hata kiwe kitamu namna gani. Kwa kanuni hizi tatu na tuzipime kaswida zetu.

3. MAHARI YA VINA

Harusi za Mara zina suala zito ambalo pwani si kubwa kiasi hicho. Kwa mila ya makabila kadhaa ya mkoa huu, Wakurya wakiwa mashuhuri zaidi, muoaji hutoa ng'ombe kwa ukoo wa mwanamke. Kiswahili huita mali hiyo mahari. Lakini mahari ya sheria ni haki ya mke mwenyewe, kwa mujibu wa Surat An-Nisaa (4:4), si ya baba yake wala ya kaka zake. Neno moja linabeba mambo mawili. Hapo mtunzi wa kaswida ya harusi anatakiwa awe macho.

Sasa tumtazame akitafuta vina. "Mahari" huishia -ri, na maneno yanayokuja upesi ni fahari, hiari, tayari, shwari, heri, safari. Tutunge mfano, kwa ajili ya uhakiki tu, wa ubeti unaozaliwa na orodha hiyo:

Bwana njoo na mahari,
ng'ombe, mbuzi kwa fahari,
mpe baba kwa hiari,
ndoa ipate baraka.

Kisanaa ubeti huu hauna ila kubwa. Kila kipande kina mizani 8, vina ni ri, ri, ri, na kituo ni ka. Kifiqhi una makosa matatu, na yote yameletwa na vina. "Fahari" imefanya mahari kuwa maonyesho, ilhali sunna imehimiza wepesi. Kipande cha tatu kimempa baba haki ya mke. Na "hiari" imefanya wajibu kuonekana kuwa ni jambo la kupenda. Wanavyuoni wamekubaliana kuwa mahari ni wajibu juu ya mume. Hata ndoa iliyofungwa bila kutajwa mahari, mume akimwingilia mkewe, mke hustahiki mahari ya mfano wake. Ipo hiari katika mlango huu, nayo aya ileile imeitaja, lakini ni ya mke: yeye ndiye awezaye kusamehe sehemu ya mahari yake kwa radhi ya nafsi yake.

Je, tuvilaumu vina? Hapana. Maneno yaleyale yanaweza kusema kweli:

Mahari si ya fahari,
ni wajibu, si hiari,
haki ya mke dhahiri,
ndivyo Mola atutaka.

Fahari imo, hiari imo, mizani imetimia. Kilichobadilika ni kwamba safari hii mtunzi alijua hukumu kabla hajatafuta neno. Katika ubeti wa kwanza orodha ya vina ndiyo iliyotoa fatwa. Katika wa pili fiqhi imetoa fatwa na vina vimeibeba. Na fikiria binti aliyeimba ubeti wa kwanza akiwa na miaka tisa: siku atakapoolewa, ataanzia wapi kudai haki yake, ilhali yeye mwenyewe aliikabidhi kwa wimbo?

4. KINA CHA -NI NA MASUALA YA AQIDA

Hakuna kina rahisi katika Kiswahili kama -ni. Jina lolote la mahali hukipokea: moyoni, kaburini, peponi, motoni, duniani, msikitini. Kila amri ya wengi hukipokea pia: njooni, swalini, tubuni, simameni. Mtunzi mchanga akishika -ni anaweza kwenda beti 30 bila kutoka jasho. Ndiyo sababu kaswida nyingi za madrasa, za Mara na za kwingineko, huishia -ni.

Ila ya kwanza ni ya sanaa. Kina kikija bure, fikra nayo hulala. Kila kitu kinawekwa "ndani" ya kitu kingine, na kila ubeti unaamrisha, hadi msikilizaji anabaki na mwangwi wa silabi moja. Vilevile kupachika -ni si sawa na kupata kina kwa neno lililo zima. Anayelandanisha "motoni" na "kaburini" amelandanisha kiambishi kilekile kwa kiambishi kilekile. Anayelandanisha "kaburini" na "amini" au "thamani" amefanya kazi ya malenga.

Ila ya pili ni ya dini, nayo ni kubwa zaidi. Mtunzi akihitaji -ni katika ubeti unaomtaja Mwenyezi Mungu, ulimi humteleza akasema Mola yumo moyoni, au yumo duniani, kwa kuwa silabi imekubali. Wanavyuoni wa aqida wameandika majuzuu juu ya masuala haya, na wametofautiana katika kuyaeleza, lakini Ahlus-Sunna wote wanakanusha kwamba Allah (SW) huingia au huchanganyika katika viumbe vyake. Mtunzi aliyekusudia kusema kwamba kumkumbuka Mola kumo moyoni ameacha neno moja kwa sababu ya mizani, na kwa kuliacha ametoa jibu la aqida ambalo hakulikusudia. Watoto hamsini watalihifadhi.

5. MAJINA MATUKUFU NA UHURU WA MSHAIRI

Atasema msemaji: mshairi ana uhuru wake, na Waarabu wenyewe wana mlango wa dharura za shairi. Ni kweli. Malenga wa Kiswahili wana inkisari, yaani kufupisha neno; mazida, yaani kulirefusha; na tabdila, yaani kubadili sauti yake ili lipatane na kina. Kusema Muhammadi, Rasuli au Karimu kwa kuongeza irabu ni umbile la lugha yetu, wala hakuna ubaya. Lakini wanavyuoni wa lugha walipoeleza dharura za shairi walieleza umbo la neno: irabu, tanwini, kurefusha na kufupisha. Hapana aliyesema kuwa dharura ya kina huhalalisha kubadili hukumu au kumpa Allah sifa isiyokuwa yake.

Mfano ulio wazi ni wa jina "Karimu". Mtunzi aliyeshika kina cha -ma huona ni jambo dogo kusema "Karima". Katika shairi la Kiarabu huenda umbo hilo likawa sahihi, kwa kuwa neno lililo katika hali ya nasbu huishia alif linaposimamiwa. Msikilizaji wa Kiarabu anaijua irabu hiyo na haimchanganyi. Msikilizaji wa Bunda hana irabu hiyo masikioni mwake. Yeye anamjua Karima kuwa ni binti wa jirani, na kwa sarufi ya Kiarabu pia Karima ni sifa ya kike. Basi kilicho halali kule kimekuwa utovu wa adabu huku. Aliyehitaji -ma angetafuta neno jingine, nayo ni mengi: rehema, neema, hekima, salama, huruma, daima. Na aliyehitaji kumtaja Karimu angehamia -mu, akakuta elimu, kaumu, haramu, karamu, dawamu na salamu zinamsubiri.

Aya za Qur'ani zina hukumu nzito zaidi. Kuchukua maneno ya aya na kuyaingiza katika utungo, jambo linaloitwa iqtibas, limejadiliwa na wanavyuoni, na As-Suyuti katika Al-Itqan ametaja kuwa Wamaliki wamejulikana kwa kulikataza vikali. Hata akiwafuata walioruhusu, mtunzi asiikate aya pasipofaa wala asibadili mwisho wake ili ipatane na "duniani".

6. SIKIO LA MARA

Sasa tugeukie jambo ambalo mhakiki wa pwani huenda asilitambue. Kikurya hakina sauti ya l, na lugha kadhaa za mkoa huu hazitenganishi l na r kama Kiswahili kinavyotenganisha. Vivyo hivyo sauti za th na dh, zilizokuja na maneno ya Kiarabu, vinywani mwa wengi huwa s na z. Matokeo yake ni kwamba kina kimoja kipo kinywani na hakipo kwenye karatasi. "Halali" na "mahari" hulandana katika sikio la mtu asiyetofautisha l na r. "Faradhi" hulandana na "kazi", na "urithi" hulandana na "nafasi".

Tuseme nini juu ya vina hivi? Tuwe waadilifu. Kwa sanaa, kina ni cha sikio kabla hakijawa cha jicho, na mtunzi anayeimbia watu wake hajawadanganya masikioni. Kuwacheka watunzi wa Musoma kwa lafudhi yao si uhakiki, ni kiburi. Lakini kaswida siku hizi inarekodiwa. Iliyoimbwa Butiama husikilizwa Tanga na Unguja, na huko kina chake kimepotea. Hiyo ni kasoro ya sanaa wala si dhambi.

Huwa jambo la dini pale sauti inapobadili neno la ibada. "Thawabu" ni malipo ya Allah, na "sawabu" ni lililo sahihi. Anayeimba kwamba kila jambo la fulani ni "sawabu", naye alikusudia thawabu, amesema jingine. Zito zaidi ni kiitikio cha Kiarabu. Watunzi hupenda kuweka "qalbi" mkabala wa "Rabbi" na "hubbi", na kwa herufi vina hivyo ni sahihi. Mtoto ambaye hajafunzwa kutoa qaf mahali pake huimba "kalbi", na moyo wangu ukageuka kuwa mbwa wangu mbele ya jina la Mola. Kila mwalimu wa tajwidi anaujua mfano huu, lakini mara nyingi yeye yuko katika darasa la juzuu na kaswida inafunzwa uwanjani na mtu mwingine. Dawa yake si kuiacha kaswida. Makhraj ya kiitikio yafunzwe kwanza, na mahadhi yafuate.

7. UTENZI ULIPOVUKA MIPAKA YA MADRASA

Butiama ina ushahidi wa kipekee juu ya hoja yetu. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa hapo mwaka 1922, lugha yake ya kwanza ikiwa Kizanaki, akaanza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934. Huyu naye alikuwa mtu wa vina na mizani. Alipotafsiri tamthilia za Shakespeare, Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, hakuibana mistari yake kwa vina, kwa kuwa Shakespeare mwenyewe sehemu kubwa ya tamthilia hizo aliiandika kwa mizani bila vina. Lakini alipotaka kuziweka Injili nne na Matendo ya Mitume katika ushairi, vitabu vilivyochapishwa mwaka 1996, alichagua tenzi.

Mwislamu anajifunza nini hapo? Utenzi ni chombo kilicholelewa katika nyumba za masharifu na masheikh wa pwani. Utenzi wa Tambuka wa mwaka 1728 na utenzi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858 ni ushahidi wa hilo. Chombo hichohicho, kwa vina vilevile, kikamchukua Mkatoliki wa Butiama kusimulia Injili kama kanisa lake linavyoiamini. Hatusemi haya kwa kulaumu. Tunasema kwamba kina hakina kadhi. Hukubali kubeba tauhidi na hukubali kubeba kisichokuwa tauhidi, na utamu wake ni uleule. Basi Mwislamu asiseme "maneno haya ni ya kweli, sikia yanavyolandana", kwa kuwa hoja hiyo humfaa kila mtu kwa kila dini.

Ushahidi wa pili uko ng'ambo ya maji. Kutoka Kisorya, wilayani Bunda, kivuko huvuka kwenda Ukerewe, alikozaliwa Euphrase Kezilahabi (1944-2020). Diwani yake ya Kichomi ya mwaka 1974 iliacha vina na mizani ya kimapokeo, na pakazuka ubishi mkali baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko. Wapo waliosema bila vina hapana shairi. Sisi hatuingii katika ubishi ule, ila tunachukua faida moja: hakuna kitu katika lugha kinachomlazimisha Mswahili kutia kina. Anayekitia amechagua mwenyewe. Na aliyechagua hawezi kusema baadaye kwamba kina kilimlazimisha kupotosha.

8. NAMNA YA KUTAFUTA VINA

Uhakiki usioonyesha njia hauna faida kwa mwanafunzi, na urithi wetu una njia. Al-Jawhari, aliyefariki karibu na mwaka 400 Hijria, aliipanga kamusi yake ya As-Sihah kwa herufi ya mwisho ya asili ya neno, si kwa ya kwanza. Ibn Mandhur akamfuata katika Lisan al-Arab, na Al-Firuzabadi katika Al-Qamus Al-Muhit. Mpango huo ulimfaa sana mtu wa qafiya: maneno ya rawiyy moja aliyakuta mlango mmoja, na mbele ya kila neno palikuwa na maana yake. Hakupata sauti bila maana.

Kamusi zetu za Kiswahili zimepangwa kwa herufi ya mwanzo, kwa hiyo hazimsaidii anayetafuta mwisho. Basi mwanafunzi afanye kama Al-Jawhari. Awe na daftari lenye ukurasa kwa kila silabi: -ri, -mu, -ti, -bu, -ma, -ni na nyinginezo. Kila akutanapo na neno aliandike katika ukurasa wake pamoja na maana, na kama lina asili ya Kiarabu aandike ni kwa herufi gani: thaa au sini, dhali au zai, qaf au kaf. Maneno yenye hukumu ya sheria, kama mahari, urithi, talaka, riba na faradhi, ayawekee alama ili asiyatumie bila kuuliza.

Kisha, anapotunga, aandike kwanza analotaka kulisema kwa maneno ya kawaida, mistari minne au mitano. Amwonyeshe maalim wake. Likishasahihishwa, ndipo achague kina, na achague kile ambacho ukurasa wake una maneno mengi yanayohusu maana hiyo. Neno likigoma, abadili kina wala asibadili maana. Ubeti ukigoma kabisa, auache. Beti saba zilizo sahihi zina kheri kuliko 20 zilizojazwa.

Ama maimamu na wasimamizi wa madrasa za Musoma, Bunda na Butiama, tunawaomba jambo moja lisilogharimu kitu: kaswida isomwe kwa maneno makavu, bila mahadhi, mbele ya mwenye elimu, kabla haijafundishwa watoto. Mahadhi yakiondoka, kosa huonekana lenyewe. Yule bwana wa Hudhayl naye, maneno yake yakivuliwa vina, yanabaki kuwa ni kukataa tu kulipa haki ya mtu.

Wallahu a'lam. Tunamuomba Allah azijaalie ndimi za vijana wetu ziseme kweli kabla ya kusema kwa uzuri. Wabillahi tawfiq.